Mgomba Nyuma ya Ghala

Castory Rwehumbiza alipohamishiwa Ihumwa, mwaka 1990, alishuka kwenye gari la idara akiwa ameshika mwavuli. Ilikuwa mwezi wa Julai. Mzee Noeli, jirani yetu ambaye mbuzi wake walizoea kula kando ya reli, alisimama akamtazama mgeni kuanzia viatu mpaka ncha ya mwavuli.

"Sila," akaniuliza kwa sauti ya chini, "huyu anamkinga nani?"

Nikamwambia pengine anajikinga na jua.

"Basi aufunge. Upepo huu utamchukua, halafu tutaandikiwa barua kueleza amekwenda wapi."

Castory alikuwa amezoea kwao Bukoba, ambako mvua hainyeshi kwa msimu bali kwa mazoea. Huku kwetu mvua ni moja kwa mwaka. Ikianza mapema, huanza mwishoni mwa Novemba, ikichelewa, Januari, na ikifika Aprili imekwisha kuaga. Miezi iliyobaki ni jua na upepo, na mwezi wa Agosti upepo huo hubeba vumbi jekundu likaingia hata kwenye chumvi iliyofunikwa. Nina kopo la kupimia mvua nililorithi ofisini, na daftari lake. Kurasa nyingi za daftari hilo ni sifuri.

Nyumba za watumishi zilikuwa tatu, nyuma ya ghala la vifaa. Mimi na mke wangu Ruthu tuliishi ya kwanza. Ya pili akapewa Castory. Ya tatu ilikuwa ya mlinzi, mtu wa Kondoa, ambaye alikuwa Kondoa zaidi kuliko alivyokuwa lindoni. Kazi haikuwa nyingi. Zamani watu walipanga foleni kwetu na vibali kupata majembe na mabati, lakini sasa majembe yalikuwa yamejaa maduka ya Majengo mjini, ya rangi mbalimbali, na hakuna aliyeulizwa kibali. Karani kama Castory, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote niliowahi kuona, alibaki na muda mrefu wa kukaa na kufikiri. Alichofikiria ni mke wake.

Mke huyo, Generosa, alikuwa amebaki Bukoba. Watoto wao wawili walikuwa shule za bweni, kwa hiyo si watoto waliomzuia. Kilichomzuia kilikuwa migomba. Kwao nyumba husimama katikati ya migomba, na shamba hilo huitwa kibanja. Ndilo chakula, ndilo kivuli, ndilo makaburi ya wazee. Mtu aliyejenga mahali pasipo na migomba, kwa macho ya Generosa, hakuwa amejenga. Alikuwa amepiga kambi.

"Ananiandikia hivi," Castory alinisomea siku moja tukiwa ghalani. "'Mama yangu alinifundisha kwamba ardhi ikikupokea, mgomba wako huzaa mtoto. Panda. Siku utakaponionyesha mgomba wenye mtoto ubavuni, nitakaa nawe. Nisipouona, nitarudi na treni ya Jumamosi.'"

"Mtoto ni nini?"

"Chipukizi. Linatoka ardhini pembeni ya mama yake."

Nikamkumbusha methali tuliyosoma shuleni, kwamba mgomba changaraweni haupandwi ukamea.

"Hiyo ilitungwa na mtu wa pwani," akasema. "Wanajua nini kuhusu migomba hao?"

Watu wa Bukoba hawakosi neno.

Septemba 1992 alikwenda likizo, na aliporudi alikuwa na machipukizi matatu yaliyofungwa kwenye gunia la mkonge lililoloweshwa. Yalikuja kwa meli mpaka Mwanza, na kutoka hapo kwa treni. Alitueleza kwamba aliyanywesha maji kila kituo kikubwa, na kwamba Tabora mkaguzi wa tiketi alimuuliza kama gunia lile linaumwa. Akayapanda nyuma ya nyumba yake, kwenye mashimo ambayo aliyachimba kwa sururu kwa sababu jembe lilikuwa likirukaruka.

Shida ikawa maji. Bomba letu lilitoa maji Jumanne na Ijumaa. Kwetu maji yana vyeo. Yanayotoka bombani ni ya kunywa na kupikia. Yaliyooshea mboga hufulia. Yaliyofulia husafishia sakafu, au huoshea miguu ya waliotoka shamba. Baada ya hapo ndipo yanapostaafu. Castory alipita nyumba kwa nyumba akiomba apewe maji yaliyostaafu, na kwa kuwa hayakuwa na kazi nyingine, hakuna aliyemnyima. Ruthu akawa na mazoea: kila akimaliza kufua anabeba beseni mpaka nyuma ya nyumba ya pili, anamwaga, anarudi. Hata mke wa Mzee Noeli, akipita na ndoo yenye maji ya kuoshea vyombo, alikatiza huko. Mgomba mmoja ulinuka sabuni ya mche mpaka nyuki wakaukwepa.

Mbuzi hawakuukwepa. Februari 1993 mbuzi dume wa Mzee Noeli alikula mmoja mpaka usawa wa ardhi. Mzee alikuja mwenyewe kuomba radhi.

"Karani, mbuzi wangu hajawahi kuona jani pana namna hiyo. Alidhani ni sikukuu."

Ikabaki miwili. Hapo ndipo Castory alipofanya kosa ambalo mtu wa Ihumwa asingeweza kulifanya hata akiwa usingizini. Mvua zilipokwisha, mwezi wa Mei, alikata nyasi kavu kando ya reli, akabeba mizigo kumi na miwili (niliihesabu, nilikuwa nimekaa barazani), akazitandaza chini ya migomba zikafika magotini na kusambaa mpaka ukutani mwa nyumba.

Mzee Noeli alisimama na fimbo yake. "Karani, unawapikia nani?"

"Shikamoo mzee. Ninaifunika ardhi. Kwetu mgomba hautembei uchi."

"Marahaba. Huku unawapikia mchwa. Nyasi kavu ni ugali wao."

"Nyasi hutunza unyevu, mzee. Baba yangu alifanya hivi, na babu yake."

"Baba yako alikuwa na mchwa?"

Castory akafikiri. "Wa kula, ndiyo. Kumbikumbi."

"Basi huku wao ndio wanaokula," akasema Mzee Noeli, akawafuata mbuzi wake.

Mchwa walifika kabla ya Julai kwisha. Walikula nyasi zote, wakaacha njia za udongo kama mishipa juu ya ardhi. Mgomba wa pili, uliokuwa umedhoofika kwa ukame, wakautafuna shina mpaka ukalala. Castory alizoa mabaki kwa mikono yake, akamwaga majivu kama alivyoelekezwa, na mgomba mmoja tu ukabaki, ule uliokuwa karibu na mfereji wa bafu. Ulikuwa na urefu wa kifua cha mtu. Upepo wa Agosti ulichana majani yake yakawa kama kamba za viatu. Ulikuwa hai. Mtoto hakuwepo.

Mwishoni mwa Septemba ikaja barua. Generosa amekata shauri. Atafika Jumatano, tarehe 13 Oktoba.

Nilimwona Castory akitoka kuuangalia mgomba ule asubuhi, mchana na jioni, akichutama na kupapasa udongo kuzunguka shina. Ruthu alimhurumia.

"Shemeji," akamwambia, "pale Majengo Shakila anauza ndizi za Morogoro. Nunua mkungu mmoja, tuufunge juu ya mgomba kwa kamba. Akiona mkungu hatauliza mtoto."

Castory alicheka kwa mara ya kwanza wiki ile. "Shemeji, mke wangu amezaliwa kibanjani. Akiunusa tu atakutajia basi lililouleta."

Badala yake alinunua rangi. Ilikuwa rangi ya mafuta, ya kijani kibichi, kutoka dukani Majengo, na alipaka mlango wake na fremu yake mara mbili. Aliponunua rangi alinunua na koti la mtumba la kijivu, la kwendea stesheni. Mlango ulipokauka ulipendeza kuliko mlango wowote Ihumwa. Mimi niliugonga kwa kidole nikausifu. Nilisikia mlio mtupu kidogo, nikadhani ndivyo mbao za siku hizi zilivyo.

Jumatano ile Castory na mkewe walifika saa kumi alasiri kwa pikapu waliyopanda mjini. Generosa alikuwa mwanamke mfupi, mpana, mwenye hatua za mtu anayejua anakokwenda, na sanduku lake la bati lilikuwa limezungushiwa kamba ya katani mara tano. Mzee Noeli alikuwepo, kwa bahati, kama alivyokuwepo kila penye jambo. Generosa alipomwona alipiga magoti palepale kwenye vumbi, na gauni lake la safari, akamwamkia. Mzee alibabaika, akaitikia mara mbili.

"Huyu ana adabu," akaniambia. "Mungu amsaidie kwa hicho atakachokiona."

Castory alitangulia mlangoni. Alitaka mke wake auone mlango ule kwanza, ndiyo maana hakuuacha wazi. Akachomeka ufunguo, akauzungusha, akasukuma.

Mlango ulikwenda wote. Ulikwenda pamoja na fremu, umesimama wima kama mtu aliyeitwa, kisha ukalala chali katikati ya chumba kwa kishindo kilichorusha vumbi mpaka barazani kwangu. Mchwa walikuwa wameingia kutoka kwenye nyasi, wakala fremu yote kwa ndani. Mchwa hawali rangi. Walimwachia rangi yake.

Castory alibaki na mkono mbele, ufunguo haupo.

"Karibu ndani, mama," akasema Mzee Noeli. "Kwetu hatuwafungii wageni milango."

Generosa alitazama tundu lile, akamtazama mumewe aliyevaa koti. Mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akakaa juu ya sanduku lake, akacheka tena, akafuta macho kwa ncha ya kanga.

"Ta Castory," akasema alipopata pumzi, akimwita kwa heshima ya kwao, "uliniandikia kwamba nyumba ina hewa safi. Sikujua ni kiasi hiki." Kisha akasimama. "Haya. Migomba iko wapi?"

Hapo kicheko kilikwisha kwetu sote. Castory alimpeleka nyuma ya nyumba, sisi tukafuata kwa umbali wa heshima, ambao haukuwa mkubwa.

"Mmoja," akasema Generosa.

"Mmoja."

"Mingine?"

"Mmoja aliula mbuzi wa mzee huyu. Mwingine waliula haohao walioufungua mlango."

Akachutama. Akapapasa udongo pande zote za shina, polepole, kama anayetafuta sindano. "Na mtoto?"

Castory alichutama kando yake. "Hakuna mtoto, Ma Generosa. Ningekuandikia hakuna, lakini kila siku nilidhani labda kesho."

Sijui angejibu nini. Ruthu, ambaye alikuwa amefua siku ile, alitokea na beseni lake kama kawaida, akasema "Samahani, dada, sogea kidogo," akamwaga maji kwenye mgomba, akaanza kuondoka. Ndipo alipokumbuka kuna mgeni, akarudi kusalimia. Generosa alimtazama yeye, beseni, na maji yaliyokuwa yakinywewa na ardhi kwa haraka.

"Unamwaga maji yako hapa?"

"Kila nikifua. Sote. Huku maji hayatupwi."

Generosa akapangusa mikono. "Basi," akasema. "Treni ni Jumamosi."

Jumamosi ile, tarehe 16, Castory alivaa koti la kijivu saa mbili asubuhi ili amsindikize stesheni. Saa tatu akaja kwangu amelivua.

"Anasema hawezi kumwacha mtu analala kwenye nyumba isiyo na mlango. Anataka kumsimamia fundi."

Fundi alimaliza Alhamisi. Fremu mpya ilipakwa oili chafu chini. Jumamosi iliyofuata koti likavaliwa tena, na saa nne likavuliwa. Safari hii Ruthu alikuwa ameahidi kumfundisha kupika mlenda, ule wa majani yaliyokaushwa na kusagwa, wenye karanga. Generosa alikuwa ameuonja mara moja tu kwa ugali wa uwele, na akasema chakula hiki hakimsubiri mtu, kinateremka chenyewe. Asingeondoka bila kujua siri yake. Jumamosi ya tatu ilikuwa mgomba. Alikuwa ameanza kuchimba bonde dogo kuzunguka shina, kupanga mawe ndani ili maji yasikimbie, na kuugeuza mfereji wa bafu uelekee hapo. Mzee Noeli alileta miiba ya kuzungushia uzio dhidi ya mbuzi wake mwenyewe. Kazi ilikuwa nusu. "Siwezi kuuacha katikati," alisema. "Nitaonekana mvivu."

Kila siku alilifungua sanduku, akatoa nguo za kuvaa, akalifunga tena kwa kamba mara tano, akalisimamisha miguuni pa kitanda. Castory alinieleza hivyo kwa huzuni. Alisema asubuhi akiamka kitu cha kwanza kukiona ni fundo la kamba ile.

"Mwulize basi," nikamwambia.

"Nikimwuliza atanijibu," akasema. "Acha kwanza."

Jumatatu, tarehe 22 Novemba, nilikuwa nikiandika sifuri nyingine kwenye daftari langu nilipomsikia Generosa akizungumza na Ruthu nyuma ya nyumba. Jua lilikuwa kali, upepo ule wa kawaida unavuma.

"Dada, shika shati hili."

"Limekauka."

"Ndilo ninalosema! Nimelianika sasa hivi. Sijamaliza beseni, la kwanza limekauka! Wewe hujui. Kwetu nguo inakaa siku tatu inanyeshewa, unaivaa ikiwa mbichi, viatu vinaota ukungu chini ya kitanda. Mume wangu alinioa nikiwa nimevaa gauni lenye unyevu."

"Huku hata machozi yanakauka kabla hayajafika shavuni," akasema Ruthu.

"Hicho nacho ni kitu kizuri," akasema Generosa, na wakacheka wote wawili.

Niliandika sifuri yangu, nikainua macho. Nguo zilikuwa nyingi, za rangi zote, zimejaa kutoka kona ya nyumba ya pili mpaka nguzo ya uzio wa ghala. Kwangu hazikuwa jambo la ajabu, ila niliona kwamba kamba ya kuanikia ilikuwa ngeni pale.

Castory hakuona kitu. Hata sanduku alikuwa ameacha kulitazama, aliniambia, ili asilione fundo lile. Jumatatu, Jumanne, mpaka Ijumaa alipita akiwa ameinamisha kichwa, akielekea kuupapasa udongo wa mgomba. Jumamosi asubuhi alivaa koti, akatoka mlango wa nyuma akijifunga vifungo, na kamba ikamkamata puani.

Mimi nilikuwa barazani, Ruthu jikoni, Mzee Noeli njiani. Castory aliishika kamba ile kwa vidole viwili. Ilikuwa ya katani, yenye mikunjo ya pembe za sanduku ambayo ilikuwa bado haijanyooka.

"Generosa," akaita. "Kamba hii nimeiona wapi?"

Akatoka na mikono yenye unga. "Kwenye sanduku."

"Na sanduku?"

"Nimelitia mahindi. Panya wamekuwa wengi."

"Lakini mtoto..." Akaonyesha mgomba. "Mtoto hajatoka."

"Atatoka akitaka. Mimi nimechoka kufunga sanduku." Akamsogelea, akaanza kumfungua vifungo vya koti mbele yetu sote bila haya. "Vua hili, nilifue. Tangu nimekuja unalivaa kila Jumamosi kama bwana harusi aliyekosa gari."

Mzee Noeli, njiani, alipiga fimbo chini mara moja, kama mtu anayegonga mhuri.

Mvua ya kwanza ilinyesha tarehe 8 Desemba, milimita kumi na tisa. Generosa alisimama ndani yake uani, akisema hii si mvua bali ni salamu, lakini alisimama mpaka ikaisha. Mtoto wa mgomba alitokea Januari. Castory alimwona Ijumaa, tarehe 14, ncha moja nyekundu kama ulimi wa ndama, akakimbia nyumba zote tatu akigonga. Hata mlinzi, aliyekuwepo kwa bahati, alitoka.

"Mtoto! Generosa, mtoto!"

"Nimemwona tangu Jumatatu," akajibu kutoka jikoni. "Punguza kelele, utamrudisha ndani."

Februari mvua ilikatika wiki mbili, kama inavyofanya miaka mingi, na jua likarudi na nguvu zote. Mchana mmoja nilikuwa nikirudi na Mzee Noeli kutoka relini. Tulipopita nyuma ya nyumba ya pili tukaona mwavuli mweusi umesimikwa ardhini kwa kijiti, umefunguliwa, umefungwa kwa kamba usichukuliwe na upepo. Chini yake, kwenye kivuli, alikuwa amekaa mtoto wa mgomba mwenye majani mawili. Sauti za Castory na mkewe zilisikika ndani wakibishana kama mchicha unaungwa kwa karanga au hauungwi.

Mzee Noeli aliutazama mwavuli kwa muda mrefu.

"Kumbe," akasema, "alikuwa anamkinga huyu."